Dinosaria wa Madagaska aliyekula wenzake

Mzazi, kama una mtoto anayependa katuni za dinosaria, swali moja utakutana nalo tu: "Na huku kwetu walikuwepo?" Usimjibu kwamba hayo ni mambo ya sinema. Mpe kisa cha mmoja aliyeishi upande wetu huu wa dunia. Mtoto wa Mara atakielewa haraka, kwa sababu anawajua nyumbu.

Dinosaria huyo anaitwa Majungasaurus. Aliishi kisiwani Madagaska miaka kama milioni 70 iliyopita, na jina lake limetokana na Majunga, ambayo leo huitwa Mahajanga. Alikuwa na urefu wa mita 6 hadi 7, uzito unaozidi tani moja, na pembe moja fupi juu ya kichwa. Mikono yake ilikuwa midogo mno, hivyo kazi yote ya kukamata ilifanywa na mdomo. Mtoto akitaka kuona ukubwa wake, msimamishe uani, kisha wewe upige hatua saba ndefu kutoka alipo.

Kisiwa bila pa kutokea

Zamani sana Madagaska ilishikana na Afrika, kwenye pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania. Ilianza kubanduka zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Miaka kama milioni 88 iliyopita ikaachana pia na India, ikabaki peke yake baharini.

Kiangazi cha huko kilikuwa kikali. Wanasayansi wanaeleza kwamba mito ilikauka, wanyama wakasongamana penye maji kidogo yaliyobaki, wakafa wengi kwa pamoja. Mvua ziliporudi, matope yaliifukia mizoga. Ndiyo maana mifupa yao imedumu vizuri hadi leo.

Mwaka 2003 watafiti Raymond Rogers, David Krause na Kristina Curry Rogers walitangaza walichokiona kwenye mifupa ya Majungasaurus: alama za meno. Walizilinganisha na meno ya wala nyama wengine wa kisiwa hicho, wakiwemo mamba. Meno yaliyolingana nazo yalikuwa ya Majungasaurus mwenyewe. Alikula wenzake. Alama hizo hazisemi kama aliwaua au alikuta mizoga.

Nyumbu wana njia

Sasa mrudishe mtoto nyumbani. Serengeti ina nyumbu zaidi ya milioni moja. Majani yakikauka kusini, wao hawakai kusubiri kufa. Huelekea magharibi, upande wa Mto Grumeti, kisha kaskazini hadi Mto Mara na ng'ambo ya mpaka, Kenya. Mvua zikinyesha kusini, hurudi.

Majungasaurus na mawindo yake hawakuwa na safari hiyo. Ukame ulipoingia, kila upande waliishia baharini.

Hapo ndipo penye somo kwa familia zinazoishi jirani na hifadhi. Hata nchi kavu inaweza kugeuka kisiwa. Njia ya wanyama ikizibwa kwa uzio, shamba au nyumba, pori lililobaki huzungukwa kama vile limezingirwa na maji.

Usiku kabla ya kulala, mwulize mtoto: nyumbu wakifika Mto Mara wakakuta njia imefungwa, watakula nini? Kisha mwache afikirie mwenyewe.