Nyanya alikatwa pichani: kosa ni la nani?

HADI mwezi uliopita, mgeni aliyeingia nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, alilakiwa na picha kubwa ya harusi ya dadangu. Ilipigwa nje ya Fort Jesus, jua la alasiri likianza kupoa, ukoo mzima umepangwa safu mbili mbele ya ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Bi harusi katikati, mumewe ubavuni. Ukiwahesabu waliomo utapata watu kumi na tisa na mkono mmoja.

Mkono huo ni wa nyanya.

Alisimama mwisho wa safu, upande wa kulia, amemshika mjukuu begani. Pale ukutani alibaki mkono tu, juu ya bega la mtoto. Miezi minne baada ya harusi nyanya akafariki. Siku tulipomaliza matanga, mamangu aliisimamia ile picha kwa muda mrefu, kisha akaniambia: "Wewe si mwandishi wa magazeti? Hebu niulizie, huyo wa studio hakumwona mamangu?"

Nikaenda kuuliza. Kijana niliyemkuta studioni akaifungua picha kwenye kompyuta, na naam, nyanya huyo hapo, mzima, anatabasamu. Kumbe kamera haikumkata. Aliyemkata ni karatasi.

Tueleweshane, msomaji. Ndani ya kamera ya siku hizi, mahali palipokuwa pa filamu, pana kibamba kidogo kinachopokea mwanga. Wenyewe hukiita sensa (si ile ya kuhesabu watu). Katika kamera kubwa ambazo wapiga picha wa harusi huning'iniza shingoni, sensa hiyo aghalabu ina umbo la tatu kwa mbili: marefu yakiwa inchi tatu, mapana ni mbili. Umbo hilo si geni. Kamera ya Leica, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka wa 1925, ilitumia filamu ya sinema na kuipa kila picha milimita 36 kwa 24. Ukipiga hesabu, ni yale yale tatu kwa mbili. Ndiyo maana picha ya kawaida ya albamu, 4 kwa 6, huitoshea kamera hiyo bila kupoteza hata ukucha.

Taabu inaanza unapotaka kukuza. Fremu nyingi za madukani ni za 8 kwa 10, kipimo kilichoachwa na zile kamera kubwa za zamani za kusimamishwa juu ya miguu mitatu. Picha ya tatu kwa mbili, ukiikuza hadi mapana yake yafike inchi 8, marefu yake ni inchi 12. Karatasi ina 10. Inchi mbili lazima ziende, na mashine ikiachiwa iamue yenyewe, kwa kawaida hukata moja huku na moja kule. Katika picha yetu upande wa kushoto ulikuwa ukuta mtupu. Upande wa kulia alikuwa nyanya.

Simu nayo ina mambo yake. Sensa za simu nyingi ni nne kwa tatu, umbo lililozoeleka kwenye kompyuta za zamani. Hiyo inakaribiana vizuri na 8 kwa 10, lakini ukipiga simu ikiwa imelazwa, kwenye 4 kwa 6 inakatwa juu na chini, kiasi cha sehemu moja katika tisa. Ukimpiga mtu amesimama wima, ama kilemba kinaliwa ama viatu. Mnara wa Msikiti wa Mandhry ni mrefu na barabara zetu ni nyembamba. Mtalii humwona akirudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta ili aupate wote, kisha ncha yake ikabaki sakafuni mwa studio. Wale wanaopenda kugeuza simu iwe kumi na sita kwa tisa, kama televisheni, wajue kwamba katika simu nyingi hawaongezewi kitu. Simu inakata tu mapema, kabla ya studio.

Wazee wa kazi hii hawakubahatisha. Miaka ya 1950 na 1960 Wamombasa walipovalia kwenda kupigwa picha katika studio ya N. V. Parekh, ilikuwa ni shughuli ya kukaa na kupangwa. Mpiga picha wa studio alijua picha inakwenda kwenye karatasi gani kabla ya kufyatua. Leo tunafyatua kwanza, karatasi tunaikumbuka baadaye, tena wakati mwingine miaka baadaye.

Kwa hivyo ukipiga kundi, acha nafasi pembeni, mtu mzima wa kutosha kila upande. Studioni usiseme "nitolee kubwa" ukaondoka. Uliza itakatwa wapi, uonyeshwe kwenye kioo cha kompyuta kabla hujalipa. Ukitaka picha nzima kwenye 8 kwa 10, mwambie aache ukingo mweupe juu na chini. Wengine huona haupendezi, mimi naona bora ukingo kuliko mkono. Na umpelekee picha yenyewe halisi, si ile iliyopita kwenye WhatsApp ikapunguzwa.

Sisi tuliagiza 8 kwa 12. Fremu ya kipimo hicho sikuipata tayari katika maduka niliyozunguka, ikabidi seremala aitengeneze. Sasa nyanya yuko pale sebuleni, mwisho wa safu, ameonekana hadi ncha ya buibui. Ile ya kwanza nilitaka kuitupa, mama akaninyang'anya. Ameitundika chumbani kwake.