Je, Wajua? Enzi za RTD

Ngoma za kufungulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, zile ambazo wazee wakizisikia mpaka leo huinua kichwa, zilipigwa na mtu mmoja tu, Mzee Morris Nyunyusa. Alikuwa kipofu. Alijipangia ngoma zikamzunguka, akazicharaza zote peke yake.

Kituo kilianza mwaka 1951 kikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, na kweli hakikusikika mbali na mji huo. Jina la RTD lilikuja 1965. Hadi sheria ya 1993 ilipofungua milango, Tanzania Bara haikuwa na redio ya binafsi, hivyo hata misiba ilipitia hapo. Mtangazaji alisoma jina la marehemu, kisha ndugu mmoja mmoja: wa Tabora, wa Tunduru, wa Tanga, habari ziwafikie popote walipo. Asiye na redio aliletewa taarifa na jirani, na usiku huohuo akaanza kutafuta nauli.

Kioja kikubwa zaidi ni cha vyoo. Mwaka 1973 RTD ilirusha kampeni ya Mtu ni Afya kwa majuma 12, na watu wapatao milioni 2 wakajiunga na vikundi vya kusikiliza. Walikaa kuzunguka redio moja. Kipindi kikiisha, kiongozi anafungua kijitabu, wanajadili malaria, kichocho, kuhara na maji machafu, kisha wanakubaliana la kufanya. Wakashika majembe. Walifyeka nyasi, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo kwa mamia ya maelfu. Semina za hotelini za siku hizi, pamoja na posho zake, sijui kama zimewahi kuchimba hata kimoja.

Studio hizohizo ziliwapa wapigania uhuru nafasi hewani. FRELIMO ilisema na Msumbiji. ANC, kupitia Radio Freedom, ilisema na Afrika Kusini, ambako kuisikiliza kulikuwa kosa la jinai.

Mwaka 1993 ukaja mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori asiyetulia aitwaye Mkwaju. Watafiti walitaka kujua kama mchezo wa redio hubadili tabia za watu kuhusu UKIMWI na uzazi wa mpango, basi Dodoma ikanyimwa uhondo huo kwa miaka miwili ili ilinganishwe na mikoa mingine. Waliosikiliza walibadilika zaidi. Dodoma ilipofunguliwa mwaka 1995, nayo ikafuata.

Na bendi je? Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo NUTA Jazz na wenzao walirekodi studio za RTD, Barabara ya Pugu, na nyimbo nyingi hazikuwahi kutolewa kwenye santuri. Kama babu yako alipiga gitaa au tarumbeta enzi hizo, mwulize jina la bendi na miaka aliyopiga, kisha nenda ukaulizie maktaba ya TBC, mrithi wa RTD. Huenda kanda yake bado ipo.