Sungura Aliyetolewa Kizazi: Tumtazame Tumbo Kabla ya Kidonda



Wapo miongoni mwetu hapa Digbeth wanaofuga sungura ndani ya nyumba, kwa kuwa mtaa huu wa maghala na viwanda vikongwe una nyua chache. Kwetu Pwani tulimjua sungura kwa ujanja wake hadithini, si kwa kukaa naye sebuleni. Ndiyo maana daktari wa wanyama anaposhauri jike atolewe kizazi, wazazi hushtuka. Ushauri huo una sababu: jike asiyetolewa kizazi yumo katika hatari kubwa ya saratani ya mfuko wa uzazi, hasa akivuka umri wa miaka 4.

Mara nyingi hurejeshwa nyumbani siku ile ile, akiwa na mshono mfupi tumboni. Macho yetu sote huelekea kwenye mshono, ilhali hatari kubwa zaidi imo ndani. Matumbo ya sungura yameumbwa yafanye kazi mchana na usiku. Yakisimama, mnyama huweza kufa huku kidonda chake ni kizima. Basi tumwekee nyasi kavu, maji na majani ayapendayo, kama kotmiri, na tukichunguze choo chake. Zikipita saa 12 hajala au hajapata choo, daktari apigiwe simu, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Sungura ni nadra kulia. Akiumwa hujikunyata, husaga meno na kujitenga pembeni. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa atimiziwe siku zake zote, hata akionekana mzima. Wala asipewe kabisa vidonge vya binadamu.

Kidonda chenyewe kitazamwe asubuhi na jioni, kwa mikono iliyooshwa. Wekundu na uvimbe mdogo siku za mwanzo si ajabu. Damu inayotiririka, usaha, harufu mbaya au mshono uliofunguka ni dalili za kumrudisha kwa daktari. Tusipake manjano, chumvi wala mafuta ya karafuu: sungura hulamba kila kinachogusa manyoya yake. Alalie taulo safi au karatasi, si maranda, ambayo hunata kidondani. Wakati wa joto inzi hutaga mayai penye unyevu na uchafu, na funza huweza kumuua kwa muda mfupi mno. Kwa muda wa siku 10 hivi asiruke juu ya viti, wala watoto wasimbebe.

Kwa upande wa gharama, PDSA, jumuiya iliyoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917 ili kutibu wanyama wa maskini, huwasaidia wanaopokea baadhi ya misaada ya serikali. Ni vyema kuuliza mapema.

Tena tusiseme kuwa sungura ni wa mtoto. Kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, mtoto akiwa chini ya miaka 16, dhima ni ya mzazi. Basi namba ya daktari wa zamu ya usiku ibandikwe ukutani kabla ya siku ya operesheni. Na mzazi ambaye Kiingereza hakijamkaa sawa ajifunze mapema maneno mawili matatu ya kusema: sungura wangu amefanyiwa operesheni, hali, hapati choo. Maneno hayo machache yaweza kumwokoa.