Si kila "kama" ni tashbihi

MTAHINIWA wa KCSE anaweza kukariri orodha nzima ya tamathali za usemi bila kukosea. Lakini akipewa shairi na kuambiwa azitambue, hubabaika kama mchungaji aliyeingia zizi la jirani. Mifugo anaiona, ila hajui yupi ni yupi.

Twende basi Kinna, katika Kaunti ya Isiolo, kwenye jamii ya wafugaji wa Kiborana karibu na Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 uliitesa kaunti hiyo hadi mapema 2023, baada ya mvua kukosekana misimu mitano mfululizo. Tuseme kijana wa huko anatunga shairi juu ya siku hizo.

Akiandika, "Ardhi imekakamaa kama ngozi juani", hiyo ni tashbihi. Vitu viwili vinalinganishwa, na neno "kama" linafichua siri. "Mithili ya", "ja" na "sawa na" hufanya kazi hiyo hiyo.

Akiandika, "Ngamia ni benki yetu", hiyo ni sitiari. Neno la kulinganisha limeondolewa, kitu kimoja kikafanywa kingine.

Akiandika, "Mvua ilichungulia kilimani, ikatucheka, ikaenda zake", hiyo ni tashihisi. Mvua imepewa macho, kicheko na miguu ya binadamu. Na "tukangoja, tukangoja, tukangoja" ni takriri.

Jihadhari na mtego mmoja, ewe mwanafunzi. "Kama mvua haitanyesha, tutahama" si tashbihi. Hapo "kama" inaeleza sharti tu, hakuna kinacholinganishwa.

Hata hivyo, kutaja jina la tamathali ni nusu ya jibu. Jiulize pia mshairi ameitumia kwa nini. Kwa mwanafunzi wa Nairobi, mvua ni matope na msongamano wa matatu, kwa hiyo kicheko chake hakimuumi. Kwa mfugaji wa Kinna, kila wingu lililopita bure lilikuwa ng'ombe aliyeanguka. Asiyelijua hilo ataandika "tashihisi" na kuupoteza uchungu wote wa mshororo.

Na sentensi hiyo ya wingu na ng'ombe, je, ina tamathali gani? Mzazi, mwulize mwanao leo kabla ya chakula cha jioni. Asikwambie jina tu, akueleze na sababu.