Gemu Imekataa au Kompyuta Imelemewa?

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue kama "used kutoka Ulaya" zilikuwa za ofisini. Zilinunuliwa kwa kuandika barua na kupiga mahesabu, na kwa kazi hiyo bado ni imara. Shida huanza zikifika nyumbani na kijana akataka kucheza. Gemu haifunguki, au inafunguka ikisuasua, na ushauri wa kwanza anaopewa ni uleule: ongeza RAM. Mara nyingi hela hiyo hupotea bure, kwa sababu hakuna aliyeuliza kwanza kama gemu imekataa au kompyuta imelemewa. Ni matatizo mawili, na dawa ya hili haitibu lile.

Chukua mashine yenye prosesa ya Intel Core i5-2400 ya mwaka 2011, isiyo na kadi ya grafiki. Picha zote hutengenezwa na chipu iliyo ndani ya prosesa, Intel HD Graphics 2000. Iwekee gemu mbili za mwaka mmoja. Grand Theft Auto V, iliyotoka kwa kompyuta Aprili 2015, itafunguka, ingawa itachezeka kwa kukwamakwama. The Witcher 3, iliyotoka Mei mwaka huohuo, haitaanza. Uzito wake siyo sababu. Sababu ni DirectX, lugha ya Windows ambayo gemu huitumia kuiagiza chipu ya grafiki: GTA V ile iliandikwa iweze kutumia DirectX 10, 10.1 au 11. The Witcher 3 ilitaka 11, na chipu yetu inaishia 10.1.

Hapo ndipo wengi hupotea. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, na ukurasa wa kwanza utakuambia una DirectX 11 au 12. Namba hiyo ni ya Windows, siyo ya chipu. Fungua ukurasa wa Display, utafute mstari wa Feature Levels. Ukianza na 10_1, uwezo wa chipu ndio huo, na hakuna faili ya kupakua itakayouongeza.

Prosesa nayo huweza kuwa kikwazo. No Man's Sky ilipotoka Agosti 2016, wenye prosesa za AMD Phenom hawakuweza kuicheza mpaka watengenezaji walipoirekebisha, kwa kuwa ilitumia amri za SSE4.1 ambazo prosesa hizo hazina. Ni kama kumwagiza mpishi aoke mkate ilhali jikoni hamna oveni. Kumwongezea sufuria hakumsaidii. Windows pia huzuia: ya biti 32 haiendeshi gemu za biti 64, hata prosesa ikiwa inaweza, na Steam, duka la gemu la mtandaoni, iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tangu Januari 1, 2024. Angalau hayo mawili hutibika kwa kubadilisha Windows.

Kulemewa kuna dalili nyingine: gemu inafunguka, lakini haiendi. Ili mchezo uonekane laini kiasi, kompyuta inapaswa kuchora picha 30 kila sekunde, yaani kila picha ipate milisekunde 33 tu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2. Ukishusha hadi 1280 kwa 720, zinabaki chini ya nusu. Fanya hivyo uone. Gemu ikichangamka, mzigo ulikuwa wa grafiki. Isipobadilika, mtafute mkosaji kwenye prosesa.

RAM ina nafasi yake hapa, kwa sababu chipu ya ndani haina kumbukumbu yake, hukopa ya kompyuta. Ndiyo maana vipande viwili vya gigabaiti 4, vikiwekwa kwenye nafasi zinazooana, humsaidia mchezaji kuliko kimoja cha 8: data hupita njia mbili kwa pamoja. Usisahau pia vumbi kwenye feni na pasta iliyokauka juu ya prosesa. Ikipata joto kupita kiasi, prosesa hupunguza kasi yenyewe, na gemu iliyoanza vizuri huanza kukwama baada ya muda.

Kadi ya grafiki huweza kutatua yote mawili, la chipu kukataa na la chipu kulemewa, lakini fungua kasha kwanza. Kompyuta nyembamba za ofisini mara nyingi hukubali kadi fupi tu, na pawasaplai zake hazina waya wa kulisha kadi kubwa. Kadi italazimika kutegemea umeme wa nafasi inapochomekwa, usiozidi wati 75. GeForce GTX 750 Ti, inayotumia takriban wati 60, imo ndani ya mpaka huo.

Kwa anayekwenda dukani leo, swali la kumuuliza muuzaji kabla ya RAM ni kizazi cha prosesa. Chipu za grafiki za kizazi cha pili cha Core i5 zinaishia DirectX 10.1, za kizazi cha tatu zinaimudu 11. Kwa nje kompyuta hizo mbili zinafanana, na RAM huongezeka wakati wowote.