Frezi haina akiba

Mutu anayenunua mafrezi Nyawera ao Kadutu anaijua hii: kikapo chote chekundu, lakini ukitia moja mu kinywa, iko maji na ukali tu. Muuzaji anasema: « Ngoja kesho, papa, itaiva. » Haitaiva, na sababu yake iko ndani ya tunda.

Tuanze na ndizi. Kwa kutengeneza kasiksi, wazee wa Bushi wanaizika mu shimo, wanafunika na majani, na nyuma ya siku chache inakuwa tamu. Ndizi inakatwa ikiwa imejaa wanga, kama unga wa muhogo. Gazi ya etileni inaiamsha, enzimu zinageuza ile wanga kuwa sukari. Ilitoka shambani na akiba yake.

Frezi haiko vile. Sukari yake inatoka ku majani na kupita mu kikonyo, siku kwa siku. Ndani ya tunda, enzimu yenye kuitwa invertazi inaipasua: glukozi na fruktozi. Ukikata kikonyo, njia imefungwa. Rangi inaweza kuendelea, enzimu zingine zinalegeza nyama ya tunda, lakini sukari haiongezeki tena.

Na frezi ya kuiva iko na sukari gramu 5 hivi tu mu gramu 100. Ndizi ya kuiva inafika 12. Kwa hiyo kila siku ku shina ina maana: sukari inapanda, na asidi ya sitriki, ile ya ndimu, haitawali tena ulimi. Harufu nayo inakuja mwishoni, wakati enzimu zinatengeneza esta, vitu vyepesi vinavyopanda mu pua. Ukichuma mapema, umeacha harufu shambani.

Mulimaji hachumi mapema juu ya ujinga. Anaogopa mvua, mwizi, na barabara inayoponda tunda laini. Tena mununuzi analipa rangi. Sisi wa machimbo tunajua: mwenye kupima ndiye anaweka bei.

Basi wamama walimaji wapatane: kuchuma asubuhi, zile nyekundu mpaka karibu na kikonyo, mu kikapo kifupi, kuweka mu kivuli, na bei moja. Mmoja peke yake hataweza, kwani jirani atauza zake nyeupe siku mbili mbele. Na sisi wanunuzi, tuonje kwanza, halafu tulipe ile haki yao.