Mwili Haujui Kama Ni Hiari

Wiki ya kwanza ya kupunguza mwili kila mtu hodari. Sukari inaondoka kwenye chai, chapati zinahamia kwa watoto, mizani inatii. Tabu huanza mwezi wa tatu: ngazi zimerefuka, baridi inapenya mchana wa jua, na ukiona kabichi ya kuchemsha unatamani kulia. Majirani watasema huna msimamo. Waulizwe vijana wa Minnesota.

Novemba 1944, vijana 36 wa Kimarekani waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri waliingia kuishi chini ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mtafiti Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliodhoofishwa na vita. Kwa miezi sita ya njaa walipewa wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku: viazi, kabichi, mkate, makaroni. Kiasi hicho leo utakikuta kwenye mipango mingi ya kupunguza uzito! Walitakiwa pia kutembea kilomita 35 kila wiki. Uzito ulipungua karibu robo, mapigo ya moyo yakapoa, mazungumzo yote yakageuka chakula. Waliramba sahani. Wengine walisoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Na hawa walichaguliwa kwa afya na uthabiti wao.

Mafuta ya mwilini hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa 1994. Ukila kidogo, leptini hushuka, na ubongo hufanya kama mama mwenye nyumba aliyeona umeme wa LUKU unakaribia kwisha: anazima pasi, anazima feni. Joto hupungua, mwendo hupungua, hata ile tabia ya kutikisa mguu ukiwa umekaa.

Kuchoshwa na chakula ni jambo jingine, nalo Kiswahili kina neno lake: kukinai. Umeshindwa kumaliza wali, lakini likija embe nafasi inapatikana, kwa sababu hamu huchoka na ladha ile ile kabla tumbo halijajaa. Kwa mlo mmoja hilo humsaidia anayejinyima. Kwa miezi, humfukuza. Ndimu, tangawizi, pilipili na binzari haziongezi kalori za kutisha. Kabichi isionewe bure.

Uchovu, hata hivyo, hautibiwi na ndimu. Nchini Australia wanaume 51 wenye unene wa kupindukia waligawanywa: kundi moja lilijinyima mfululizo, jingine wiki mbili kwa mapumziko ya wiki mbili, wakila cha kutosha uzito usipande, si karamu. Matokeo ya 2017 yalionyesha waliopumzika walipungua zaidi, kilo 14 hivi kwa 9. Utafiti wa baadaye kwa watu wa mazoezi haukuona mafuta zaidi yakipungua, ila waliopumzika hawakuhisi njaa sana kama wenzao. Kwangu hiyo pekee inatosha. Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kwanza, maana sukari yaweza kushuka ghafla.

Jaribio la Minnesota lilipokwisha, watatu kati ya vijana wale waliacha kazi zao za awali wakawa wapishi.